Ukingo wa Njano Haukurudi

Ipo asubuhi moja ya mvua, mwanangu, ambayo hainitoki kichwani hata leo nikiwa na mvi. Nilipiga magoti mbele ya dirisha la mama mkwe wangu, nikagusa jani, na jani likabaki mkononi mwangu. Halikukatika. Lilichomoka tu kama jino la mtoto, na chini yake palikuwa na uji wa kahawia unaonuka kama viazi vilivyooza ghalani. Nilikaa pale na lile jani, nikatazama mlangoni nisije nikaonekana.

Ngoja nianze mbali kidogo, ili ujue kwa nini jani moja liliniogopesha vile.

Nilizaliwa Kasanda, katika nyumba ya wakulima. Shule niliishia darasa la saba. Nilikuwa mtoto mwenye haya, na mkono wangu ulikuwa mzito wa kuandika. Mwalimu akiuliza, "Nani hajamaliza kunakili?" nilitazama chini, naye alifuta ubao huku daftari langu likiwa nusu. Haya ile sikuiacha shuleni. Niliolewa nayo.

Mume wangu, Ezekieli, ni wa Kagerankanda. Baba yake alikuwa ameshafariki. Mama yake alikuja kutoka Burundi akiwa mke kijana, mzigo kichwani, akalima hapa, akazaa hapa, akawa raia pamoja na watoto wake. Nilimwita Mabukwe, ndivyo kwao wanavyomwita mama mkwe. Hakuwa mkali. Hakunipigia kelele hata siku moja. Ila alikuwa mtu wa maneno machache, na mtu wa maneno machache humtisha mwenye haya, kwa sababu kila mmoja anamngoja mwenzake aanze.

Sebuleni kwake, karibu na dirisha, palikuwa na nusu debe la mafuta lenye mmea. Unaujua. Majani yake husimama kama mapanga, magumu, yana mabaka kama ngozi ya nyoka, na siku hizi wengi huuita ua la nyoka. Ule wake ulikuwa na ukingo wa njano, mstari mwembamba unaozunguka kila jani, kama upindo wa kanga. Yalikuwa majani tisa. Kila Jumamosi jioni, kabla ya Jumapili ya kanisa, Mabukwe alichukua kitambaa chenye unyevu akayafuta vumbi, moja baada ya jingine, midomo ikicheza bila sauti. Nilidhani anayahesabu. Hakuna mtu mwingine aliyeugusa mmea ule, na hakuna aliyeniambia kwa nini.

Nilipotimiza miezi mitatu ya ndoa, binti yake Konsolata, aliyeolewa Kibondo, alikaribia kujifungua mtoto wa kwanza. Mabukwe alifunga kanga zake aende akamtunze mzazi kwa mwezi na nusu. Mlangoni aliniambia:

"Nyumba ni yako. Kuku ni wako. Na huu wangu, usiusumbue."

"Ndiyo, Mabukwe."

Nilitaka kuuliza. Kutousumbua ndiyo nini? Niumwagilie au nisiumwagilie? Mara ngapi? Maswali yalinijaa mdomoni kama ugali wa moto, nikayameza. Kuuliza si ujinga, wahenga walisema, lakini mimi niliogopa kuonekana mjinga, na kwa hofu hiyo nikawa mjinga kweli.

Sasa fikiri, mwanangu. Sisi wa milima hii mmea tunaujua kwa jembe, samadi na mvua. Mhindi ukinyauka, tunasema una kiu. Mgomba ukidumaa, tunasema una njaa. Mtu anayependa shamba lake huonekana kwa samadi anayobeba. Basi nikaupenda mmea wa Mabukwe kama nilivyofundishwa kupenda. Asubuhi kabla ya kufagia niliumiminia kikombe cha maji, nikiyaelekeza katikati kabisa, pale majani yanapokutana. Wiki ya pili nikauwekea samadi ya ng'ombe. Na kwa kuwa maji yalivuja chini ya debe na kuharibu sakafu niliyokuwa nimeisiriba, niliweka sahani ya bati chini yake, maji yakatuama humo usiku na mchana. Nilijisifu moyoni. Nilisema, atakaporudi ataukuta umenenepa.

Wiki ya tatu jani moja likainama. Halafu la pili. Rangi ikafifia, ikawa kama jani la tumbaku linaloanza kukauka. Nikaongeza maji.

Wifi yangu Defroza, mdogo wa mume wangu, alikuwa bado yuko nyumbani, na ulimi wake ulikuwa na pilipili. Alisimama mlangoni na kapu lake la muhogo, akatazama.

"He! Wifi, umeupa pombe? Mbona umelewa?"

Nikashika ufagio, nikafagia.

"Haya, nyamaza. Lakini mmea huo ukifa, kuna mtu katika nyumba hii atalia."

"Nani?"

"Miye sijui. Muulize mwenyewe akirudi." Akacheka, akaondoka na kapu lake. Alipofika uani akageuka. "Mke wa kaka yetu mkubwa alivunja chungu kimoja tu. Leo yuko kwao!"

Baadaye nilikuja kujua kwamba yule alirudi kwao kwa mambo mengine kabisa, na chungu hakikuwemo. Lakini siku ile nililiamini kila neno. Sikula vizuri tena. Nikifumba macho naona yale mabaka. Kilichonitisha zaidi ni lile la mtu atakayelia. Nilimfikiria Konsolata na tumbo lake. Siku hiyohiyo zikaja habari kupitia mtu aliyetoka Kibondo kwamba uchungu umemshika tangu jana na mtoto hajatoka. Niliona kama mkono wangu, uliomwaga maji, umefika hadi Kibondo kumkaba mtoto ambaye hajazaliwa. Mimi ni Mkristo, najua Mungu haweki roho za watu ndani ya debe. Lakini hofu haina dini. Ikiingia nyumbani hukaa kwenye kiti cha mwenye nyumba.

Kesho yake mzee mmoja wa kanisa alikuwa akienda Kibondo. Nikachana karatasi ya daftari, nikaandika. Nilianza jua likiwa juu, nikamaliza kuku wanaingia bandani. Mistari minne tu: *Mabukwe, nakusalimu. Mmea wako unaumwa. Ni mimi niliyeumwagilia kila siku. Niambie nifanye nini.* Nilimfuata mzee hadi barabarani. Akanyoosha mkono.

"Lete barua, binti."

Nikaficha karatasi ndani ya kanga. "Hapana, babu. Nilikuja kukuaga tu."

Akaenda. Nakwambia ukweli, siku ile majani saba yalikuwa bado magumu. Saba! Hilo ndilo linaloniuma hadi leo kuliko maji yote niliyomwaga. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Zikapita siku nyingine, ndipo ikaja ile asubuhi niliyokwambia. Jani likabaki mkononi. Nikalivuta la pili, likaja. Mzizi wote ulikuwa ujiuji. Nilifanya nini? Nilichungulia uani nione kama Defroza yupo, nikabeba debe hadi migombani, nikamwaga kila kitu kwenye shimo la taka: majani, samadi, udongo, vijiwe vilivyokuwa chini. Nikafukia kwa maganda ya ndizi. Kisha nikaosha debe kwa mchanga mpaka likang'aa.

Siku ya gulio nikajitwisha maharage, nikamtafuta mwanamke mmoja Mkongo kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ambaye watu walisema anauza miche ya maua. Kwake nikaukuta mmea kama ule. Majani marefu, mabaka, ukingo wa njano. Nilikaribia kulia kwa furaha. Tukabadilishana, maharage kwa mmea. Aliponikabidhi akanitazama usoni.

"Mama, weye ulikuwa na ingine?"

"Ndiyo. Umeoza."

"Uliipatia mayi kila siku, eh?" Akatikisa kichwa, akacheka kwa huruma. "Ii fleri, ii ua, haipendake mayi mingi. Inajiwekeaka mayi yake ndani ya majani, sawa ngamia. Ukiipenda sana, unaiua na mukono yako."

Nilirudi nyumbani na maneno hayo yakinikaa mgongoni kuliko mzigo. Niliupanda mmea mpya katika debe la zamani, kwa udongo mweusi wa migombani. Nikahesabu majani: manane. Nikaomba Mungu Mabukwe asihesabu.

Alirudi baada ya wiki moja. Unajua salamu za kwetu, mwanangu, zilivyo ndefu: kupiga makofi polepole, kuuliza watoto, kuuliza ng'ombe, kuuliza mvua, kuuliza waliolala na walioamka. Siku nyingine huwa tamu. Siku ile kila kofi lilikuwa kama mtu anayebisha hodi kuja kunikamata. Konsolata amejifungua salama, akasema. Mtoto wa kiume, mnene, analia kama mbuzi. Nikashusha pumzi. Basi mtu wa kulia amebaki mmoja, nikajiambia, na ni mimi.

Ilikuwa Jumamosi. Akanawa, akachukua kitambaa, akaenda dirishani. Nilisimama nyuma ya pazia la chumba, nikamwona akishika jani la kwanza. Alilifuta mara moja. Midomo ikaanza kucheza, ikasimama. Akaingiza kidole kwenye udongo, akakitoa, akakitazama. Halafu akakikunja kitambaa mara nne, taratibu, akaketi.

"Njoo hapa, mke wa Ezekieli."

Nikaja nikapiga magoti. Alingoja. Ulimi wangu uligoma kabisa. Ndipo nikakumbuka ile karatasi, ambayo nilikuwa nimeificha ndani ya kitabu cha nyimbo. Nikaileta, nikampa kwa mikono miwili.

Aliigeuza huku na huku. "Mimi sijui kusoma, binti yangu. Soma wewe."

Nimewahi kupita katika hofu nyingi maishani. Nimezaa peke yangu shambani. Lakini sijaona mahali pagumu kama ile mistari minne. Niliisoma herufi kwa herufi. Nilipofika *ni mimi*, nikasimama. Akasema, "Endelea." Nikamaliza.

"Uliandika lini?"

"Kabla mtoto wa Konsolata hajazaliwa."

"Na yalikuwa yamebaki majani mangapi?"

"Saba, Mabukwe."

Akafumba macho. Kisha akaniambia jambo ambalo hata Ezekieli hakuwahi kulisikia lote.

"Kabla ya watoto hawa nilikuwa na mwingine. Msichana. Domitila. Tulipovuka mto Malagarasi tukikimbia mauaji alikuwa na homa, na siku ya pili upande huu akafa. Katekista wa kanisa dogo alitupa jembe, tukamzika kando ya ukuta. Kesho yake tukaambiwa tupande lori, tunapelekwa mbele. Kaburi sikuweza kulibeba. Kando yake, chini ya ukuta ule, yalikuwa yameota maua haya. Niling'oa moja, nikachukua na udongo wa kaburi, na vijiwe vyake, nikafunga kwenye kanga niliyokuwa nikimbebea. Kanisa lile lilibomoka zamani. Sijui tena ni wapi." Akafungua macho. "Jumamosi huwa namfuta vumbi. Namwambia habari za wiki. Leo nilikuwa nataka kumwambia kwamba Konsolata amezaa. Nikakuta mgeni."

Hapo ndipo nilipojua kwamba hofu zangu zote za nyuma zilikuwa mchezo. Nilikuwa nimeogopa kurudishwa Kasanda. Sasa niliona nimemzika mtoto wake mara ya pili, safari hii kwenye taka, nikamfunika kwa maganda ya ndizi.

"Umemtupa wapi?"

"Migombani."

Akainuka. Mvua ilikuwa ya manyunyu. Hatukujifunika. Tulipiga magoti pembeni ya shimo, mama mkwe na mke wa mwanawe, tukafukua kwa mikono. Defroza akatokea.

"Mmepoteza sindano?"

"Lete ungo," mama yake akamwambia, "na uache mdomo wako huko jikoni."

Vijiwe tulivipata kwanza. Kila kimoja alikifuta kwa upindo wa kanga akakiweka kwenye ungo. Udongo ule tuliutambua kwa wekundu wake, ukiwa bonge chini ya samadi. Majani yalikuwa yamekwisha, kamasi tupu. Tulikuwa karibu kukata tamaa nilipogusa kitu kigumu chini ya ganda. Ncha ya jani, urefu wa kiganja. Chini limeoza, juu zima, na ukingo wake wa njano haujafifia. Nilipiga yowe. Mabukwe alilichukua kama mtu anavyopokea kitoto kichanga.

Usiku ule sikulala. Asubuhi akaniita kunifundisha, na kila alichonifundisha nimekishika. Alikata sehemu iliyooza kwa wembe safi mpaka akafikia nyama nyeupe. Hakulipanda hapohapo. Alililaza dirishani siku nne, kidonda kikauke, kwa sababu jani likipandwa bichi huoza. Aliweka alama upande wa chini, maana ukiligeuza kichwa chini halitoi mizizi kamwe. Udongo tuliuanika, tukauondolea samadi, tukauchanganya na mchanga wa mtoni. Vijiwe vikarudi chini ya debe, na matundu akayafungua kwa msumari. Ile sahani yangu ya bati aliirudisha kabatini bila kunitazama.

"Nami nilikosa," akasema akiwa amenipa mgongo. "Nilikuachia kaburi nikakwambia ni ua. Lakini wewe ungenitumia barua."

"Sasa niulishe nini, Mabukwe?"

"Hakuna. Sasa fanya kazi ngumu kuliko zote. Usiusumbue."

Nikaelewa neno lile kwa mara ya kwanza. Kila asubuhi mkono wangu ulitafuta kikombe, nikauzuia. Niliingiza kidole kwenye udongo, na ukiwa na unyevu hata kidogo niliuacha. Zilipita wiki tatu kabla sijautilia maji, nusu kikombe, pembeni ya debe, si katikati. Mvua zikaisha. Maharage yakavunwa. Vumbi la kiangazi likaja. Kile kipande kilisimama vilevile, hakifi, hakikui, nami niliamka kila siku nikiogopa kukikuta kimelala. Mabukwe alikifuta kila Jumamosi, midomo ikicheza.

Halafu siku moja nikifagia nikaona udongo umepasuka, na katika ufa kuna kidole cha kijani.

Nilimwita. Alikuja akainama, akatazama kwa muda mrefu. Chipukizi lilipokua likafunguka, tukaona sote wawili kwamba ni la kijani tupu lenye mabaka. Ukingo wa njano haukuwepo. Nikadhani utakuja baadaye. Haukuja. Baadaye nilijifunza kwamba mmea huu ukioteshwa kwa kipande cha jani, upindo ule hupotea. Kama ningesema mapema, wakati mzizi ungali mzima, tungekata chipukizi na mzizi wake, na njano ingebaki. Barua yangu ndiyo iliyokuwa na ule ukingo.

Nilianza kulia kuomba radhi. Mabukwe akanishika bega, mara ya kwanza tangu niolewe.

"Amerudi bila kanga yake," akasema. "Lakini amerudi."

Ule mmea wa gulioni tulimpa Defroza siku alipoolewa, na huwa anasema wake ndio mzuri zaidi, kwa kuwa una njano. Mwache aseme. Mabukwe alifariki akiwa mzee wa siku nyingi, na mimi ndiye ninayefuta majani sasa. Kila Jumamosi namwambia Domitila habari za nyumba: nani kazaa, nani kaolewa, mvua imekujaje.

Basi sikiliza, mwanangu, wewe uliyeolewa katika nyumba hii juzi na kutazama chini kila ninapokusemesha. Naijua hiyo shingo, niliwahi kuwa nayo. Chipukizi ninalokupa leo lina mzizi wake. Liweke karibu na dirisha, jua kali la mchana lisilipige. Kidole chako kiwe mizani: udongo ukiwa mkavu kabisa ndipo ulipe maji, na wakati wa mvua ulisahau. Mbuzi na watoto wasilitafune, litawaumiza tumbo. Lifute vumbi. Lililobaki ni kuliacha. Na mume wako na wanao wapende hivyohivyo, si kwa kumwagilia kila saa kwa sababu unaogopa.

Lakini kubwa kuliko yote: usipojua, uliza, hata sauti ikutetemeke. Na jani la kwanza likiinama, njoo uniambie siku hiyohiyo. Njoo ukiwa na majani saba, usingoje kipande cha kiganja. Sitakurudisha kwenu kwa ajili ya jani, na mtu akikwambia habari za chungu, muulize ni chungu gani. Ukishindwa kusema, andika, hata kama mkono wako ni mzito. Mimi nasoma polepole, nitasoma.

Usidharau mmea huu kwa kuwa hauna njano. Upo hai.

Mungu akupe kinywa chepesi na mkono mzito wa kumwaga. Nyumba yako isikose wa kuuliza wala wa kujibu, na watoto utakaowabeba mgongoni, uwashushe mwenyewe wakiwa wazima. Nenda na mmea wako. Shika debe kwa chini, lisikuponyoke.